Namba za juu ya darubini ya bunduki: kwa nani zinasema kweli?

Zile video za wawindaji wa Ulaya na Marekani zinapita sana kwenye simu zetu siku hizi. Mtu analala chini, anaangalia ndani ya darubini iliyofungwa juu ya bunduki, anazungusha kigurudumu kidogo, tak-tak-tak, kisha anapiga mnyama aliye mbali kabisa. Wadogo wetu wananiuliza: ile kitu inafanya nini? Na ingetusaidia kwa nguruwe pori wanaomaliza mpunga na mihogo? Ninajibu kama mtu wa kilimo, si kama askari.

Tuanze na risasi yenyewe. Watu mingi wanafikiri risasi inaenda moja kwa moja kama kamba iliyovutwa. Hapana. Ikitoka tu mdomoni mwa bunduki inaanza kuanguka, sawa na embe likitoka mtini. Tofauti ni kwamba inakimbia sana, kwa hiyo kwa karibu hatuoni kuanguka kwake. Chukua bunduki ya kalibri .308, risasi ya gramu kama 10, iliyosawazishwa ipige katikati kwenye metre 100. Kwenye metre 200 itapiga chini kwa santimetre kama 10. Metre 300, karibu santimetre 40. Metre 400, inakaribia metre nzima. Umbali umeongezeka mara nne tu, lakini kuanguka hakukuongezeka kwa kipimo hicho, juu ya kwamba hewa inaipunguza mwendo na muda wa kuanguka unazidi.

Kigurudumu kinasahihisha hapo. Kila mlio mmoja unasogeza shabaha kidogo: kwa darubini nyingi ni santimetre 1 kwenye metre 100, yaani santimetre 3 kwenye metre 300. Kupandisha zile santimetre 40 unahitaji milio kama 13. Ili mwindaji asipige hesabu porini, viwanda vingine vinaandika umbali wenyewe juu ya kigurudumu: 1, 2, 3, 4, kwa mamia ya metre. Unapima umbali, unazungusha mpaka kwenye namba, unalenga katikati ya mnyama.

Wazo hilo si geni kwetu, kwa bahati mbaya. Kila mtu wa Maniema ameona AK kwa karibu. Kile kibao kidogo cha kulengea, chenye namba 1 mpaka 8 (au mpaka 10 kwa zile zilizofuata), kinafanya kazi ileile bila darubini. Ni mamia ya metre.

Sasa, ile namba ni ya kweli kwa nani? Sisi wa agronomia tunalijua swali hili vizuri. Kwenye chupa ya dawa ya mimea wameandika kipimo kwa hekta. Lakini kipimo hicho hakijui tundu la bomba lako wala mwendo wa miguu ya yule anayelibeba. Usipojaribu kwanza kwa maji matupu, ukapima shamba dogo, unaunguza mimea ama unanyunyiza bule. Kigurudumu ni hivyohivyo. Namba zake zimechongwa kwa risasi moja, ya uzito fulani, ya mwendo fulani, kwa hewa ya aina fulani. Ukibadilisha risasi, juu ya kwamba sokoni umepata nyingine, 3 yako si metre 300 tena. Hata hewa inahesabika: hapa Kindu tuko chini, kwenye metre kama 500 tu juu ya bahari, na Lubumbashi iko juu zaidi ya 1.200, hewa nyepesi zaidi. Kwa metre 300 hiyo tofauti ni ndogo. Ukienda mbali zaidi inakua.

Na upepo? Kigurudumu hicho cha juu hakiujui kabisa.

Kosa kubwa zaidi linatoka kwa macho. Mnyama yuko metre 350, wewe umesema 300: risasi itashuka kama santimetre 15 chini ya pale ulipolenga. Hapo si moyo tena, ni tumbo au mguu. Mnyama anakimbia na jeraha, anakufia mbali, nyama inaoza, hakuna aliyekula. Kingine ni kusahau kurudisha kigurudumu kwenye sifuri. Mnyama wa pili anatokea metre 100, risasi inapita santimetre 13 juu ya pale ulipolenga, inaendelea na safari yake. Nyuma ya mnyama kunaweza kuwa na mama anayepalilia mpunga.

Kwa hiyo jibu langu kwa wadogo: kaskazini mwa mkoa wetu, ndani ya msitu, kitu hicho hakina kazi. Mboloko humwoni kwa metre 100. Unamwona kwa 20, au humwoni kabisa. Ndiyo maana wawindaji wetu wanashika kalibri 12, ambayo baada ya metre 40 haina uhakika tena. Kusini, kwenye nyasi za upande wa Kasongo na Kabambare, macho yanafika mbali na swali lina maana. Lakini nguruwe pori wa shambani anakuja usiku na anakuja karibu. Fedha ya darubini ingenunua waya na misumari ya uzio, na bado ingebaki.

Mwenye bunduki ya namna hiyo na kibali cha kuwinda (sheria ya tarehe 28 Mei 1982 inakidai), asiamini namba za kiwandani. Aweke karatasi kwenye metre 100, 200, 300, penye kilima nyuma, apige risasi tatu kila mahali kwa risasi zilezile atakazobeba porini, na aandike mwenyewe milio aliyohitaji. Pale ambapo risasi tatu hazikai ndani ya upana wa sahani, hapo ndipo mwisho wa umbali wake, hata kama kigurudumu kimeandikwa 6.