Zile Kilo 20 Zimekwenda Wapi?

Tuseme mkulima amepeleka pamba yake kupimwa. Imepimwa mara tatu: kilo 47, kisha kilo 38, na mwisho kifurushi cha kilo 9. Jioni anamwomba mtoto wake wa darasa la tatu ajumlishe. Mtoto anaandika upesi: kilo 74. Lakini stakabadhi inasema kilo 94. Nani amekosea?

Safari hii amekosea mtoto. Lakini je, kama karani ndiye angeandika 74? Kilo 20 zingekuwa zimepotea. Kama kilo moja inanunuliwa kwa shilingi 1,000, hizo ni shilingi 20,000, na nyumba nzima isingejua.

Hebu tuipange hesabu hiyo wima, kama inavyofanywa shuleni:

  47
  38
+  9
----
  94

Tunaanza kulia, kwenye mamoja. 7 na 8 ni 15, na 9 ni 24. Sasa hapa ndipo penye kazi. 24 ni makumi mawili na mamoja manne. Tunaandika 4 chini ya mamoja, na yale makumi mawili tunayapeleka kwa wenzake upande wa kushoto. Huko tunasema 4 na 3 ni 7, na 2 ni 9. Jibu ni 94.

Mtoto wetu aliandika 4 vizuri, akasahau yale makumi mawili. Ndizo zile kilo 20.

Watoto wengi huimba tu, "andika nne, peleka mbili", bila kujua hiyo mbili ni nini. Ukimwuliza anakuambia, "Mwalimu amesema hivyo." Haitoshi. Mpe vijiti. Afunge vitita vya vijiti kumikumi: vitita 4 na vijiti 7, vitita 3 na vijiti 8, halafu vijiti 9. Akusanye vijiti vilivyo peke yake, ataona ni 24. Afunge vitita viwili vipya, vibaki vijiti 4. Ahesabu vitita vyote: 9. Akishavishika kwa mikono yake, hatavisahau kwa urahisi. Kazi hii haina gharama, na hata wewe uliyehitimu kisomo juzi juzi unaweza kuisimamia.

Kosa lingine ni la kupanga. Mtoto akiiweka ile 9 chini ya 4 na 3, kwenye makumi, atapata 175. Mwambie akague kwa makadirio: 47 ni karibu 50, 38 ni karibu 40, 9 ni karibu 10. Zote pamoja ni karibu 100. Basi 175 haiwezekani, na 74 ni pungufu mno. Kisha ajumlishe tena, safari hii kutoka chini kwenda juu.

Lakini kupanga vizuri hakusaidii kama mtoto hakuelewa swali. Tazameni fumbo hili: Juma ana kuku 26. Ana kuku 8 zaidi ya Neema. Neema ana kuku wangapi? Wengi wakiona neno "zaidi" hukimbilia kujumlisha, wakapata 34. Hivi Neema atakuwaje na kuku 34, na tumeambiwa Juma ndiye mwenye wengi? Hapa ni kutoa, na jibu ni 18. Kwa hiyo kabla mtoto hajashika kalamu, akueleze kwanza habari yenyewe kwa maneno yake: nani ana nini, nani ana zaidi, tunatafuta nini. Asipoweza kueleza, asiandike kwanza. Sisi tunaona hapo ndipo wazazi mnaweza kusaidia sana, maana kuku na mizani mnavijua.

Njia hii ya wima haichoki hata tarakimu ziwe nyingi. Katika sensa ya mwaka 2022, Tanzania Bara walihesabiwa watu 59,851,347, na Zanzibar watu 1,889,773. Kaeni na watoto wenu leo jioni, mpange mamoja chini ya mamoja, mjumlishe. Mkipata 61,741,120, mmepata hesabu ya watu wote wa Tanzania mwaka ule. Mkipata nyingine, tafuteni ni wapi mmesahau kupeleka moja, kwa maana katika hesabu hii inapelekwa mara saba.