Umaridadi Usio na Makeke: Somo Kutoka Italia

Majira ya kupukutika majani yamewadia, nasi wazazi tunarejea kwenye hesabu ile ile: koti la nani limekuwa dogo, na fedha zitatoka wapi. Kabla ya kukimbilia madukani, natuwatazame Waitalia.

Mwaka 1528 Baldassare Castiglione alichapisha kitabu kuhusu adabu za watu wa majumba ya kifalme. Humo alitumia neno *sprezzatura*, yaani ustadi unaofichwa hata jambo lililotaabikiwa likaonekana jepesi. Umaridadi wa Kiitalia ungali unasifiwa kwa neno hilo: mavazi machache, kitambaa chema, rangi tulivu, na kipimo kinachomkaa mvaaji.

Koti lao la sufu lenye rangi ya ngamia, lipitalo magoti, lapendeza mno juu ya buibui. Lichaguliwe pana kidogo lisibane mwili. Ndani livaliwe sweta jepesi, na kichwani mtandio wa kahawia au wa kijivu. Sitara imetimia, na baridi haipenyi.

Mabinti zetu huona haya kuvaa koti la mtumba. Waelezwe kwamba mji wa Prato, karibu na Florence, umejipatia sifa tangu karne ya 19 kwa kufuma vitambaa kutokana na sufu iliyokwisha kuvaliwa. Basi soma kibandiko, chagua sufu tupu, kisha mpelekee fundi apunguze mikono.

Dini yetu imekataza israfu, wala haikukataza uzuri. Binti akilijua hilo, atatoka mlangoni kichwa juu.