Kivuli na Uvuli: Tunayofunzwa na Kamusi za Kale

Watu wengi hudhani ya kuwa kamusi ni kitabu cha kutazamwa na mwanafunzi aliyekwama, kisha kurudishwa mahali pake. Lakini mtu aisomapo kamusi ya zamani kwa utulivu, huona ndani yake jinsi watu wa wakati ule walivyoyafikiri mambo. Na tutazame leo jambo moja ambalo kila mkaaji wa Nairobi aendaye kwa miguu hulitamani ifikapo saa saba mchana, nalo ni uvuli.

Mwaka 1755 Bwana Samuel Johnson alitoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza mjini London. Neno "shade" alilipa maana nyingi: giza, ubaridi wa mahali palipokingwa na jua, sehemu ya picha isiyo na mwangaza, tena roho ya mtu aliyekufa, ambayo watu wa kale walidhani ya kwamba yaonekana kwa macho bali haigusiki kwa mkono. Neno "shadow," lenye asili moja na lile la kwanza, lilikuwa pia na maana ya ulinzi na fadhili. Na neno "umbrage" lilikuwa kwanza uvuli wa miti, kisha likawa chuki ya mtu aonaye amekosewa. Waingereza wa leo wameishika ile chuki, na uvuli wameusahau karibu kabisa. Neno hilo limetoka katika Kilatini, "umbra," yaani kivuli, na humo humo ndimo lilimotoka jina la Kiingereza la mwavuli. Johnson alieleza kwamba chombo hicho hukinga jua katika nchi za joto, na mvua katika nchi nyingine.

Sasa na turudi kwetu. Mtu akitazama neno "mwavuli" ataona uvuli umejificha ndani yake. Wakati wa masika watu wa Moi Avenue na River Road huufungua kwa ajili ya mvua, lakini jina lake bado lataja jua. Mataifa mawili yaliyo mbalimbali yamekiita chombo kimoja kwa fikira moja.

Kiswahili nacho kina kamusi zake za kale. Ile ya Dakta Krapf ilipigwa chapa mwaka 1882, ile ya Bwana Madan mwaka 1903, na mwaka 1939 ikatoka ile ya Kamati ya Lugha, iliyotungwa na Johnson mwingine, Bwana Frederick. Kivuli, kwa Waswahili pia, si weusi ufuatao mwili tu, bali ni mzuka vile vile. Lakini uvuli ni ile hali ya mahali pasipopigwa na jua. Ndiyo kawaida ya lugha yetu: "ki" huonyesha kitu, na "u" huonyesha hali, kama katika utulivu na uzuri. Siku hizi wengi husema kivuli kwa yote mawili, na tofauti hii yapotea.

Je, yafaa nini kuitunza? Tazameni mji. Jengo la KICC, lililofunguliwa mwaka 1973, lina kivuli kirefu. Lakini kivuli cha jengo huhama. Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na mwezi wa Desemba huwa kusini. Katikati ya Machi, na tena mwishoni mwa Septemba, husimama juu ya utosi, na ukuta hata uwe mrefu namna gani hauna kivuli cha kumtosha paka. Saa hiyo ni mti peke yake uwezao kumpa mtu uvuli, kwa kuwa matawi yake yametanda juu ya kichwa chake.

Bustani ya miti ya Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti itakayofaa kuwa kuni za gari la moshi. Gari la moshi halichomi kuni tena, lakini uvuli ungalipo. Mwaka 1989 palipokusudiwa kujengwa ghorofa 60 katika Uhuru Park, Profesa Wangari Maathai alisimama kupinga, na mwishowe jengo likaachwa. Na mwaka 2020, barabara kuu ya juu ilipokuwa ikijengwa kufika Westlands, mugumo mkubwa wa Waiyaki Way ulikuwa karibu kung'olewa. Watu wakalalamika, na mwezi wa Novemba Rais Uhuru Kenyatta akaamuru uachwe. Magari yakapata njia, na mti ukabaki.

Wazee walisema: kivuli cha fimbo hakimfichi mtu jua. Mwenye gari hujikinga ndani ya gari lake, na mwenye mwavuli hujikinga peke yake. Lakini mchuuzi, fundi viatu, na mtu atokaye Kangemi kwa miguu kutafuta kazi, hao wote hutegemea uvuli usio na mwenyewe. Basi tusiliache neno hili life. Na kila apataye nafasi mbele ya nyumba yake, apande mti ambao matawi yake yatavuka ua na kumfikia apitaye njiani.