Ganda Lililodharauliwa

Mpunga utokapo shambani haufai kuliwa, kwa kuwa kila punje imevikwa ganda gumu. Mpishi huutia katika kinu, akautwanga kwa mchi, kisha akaupepeta kwa ungo. Kumvi hupeperuka, mchele ukabaki. Mchele huo bado si mweupe sana. Juu yake umesalia utando mwembamba wa rangi ya kahawia au nyekundu, na penye ncha ya punje pana kiini kidogo, ambacho ndicho chanzo cha mche mpya. Ukitwangwa tena na tena, utando na kiini navyo hutoka, vikawa wishwa. Mchele hung'aa, na wishwa hutupiwa kuku.

Basi, ni nani apataye fungu lililo bora, mla wali au kuku? Swali hili liliwasumbua matabibu wengi, na walioanza kulifumbua walikuwa kuku wenyewe, katika kisiwa cha Java.

Zamani kisiwa hicho kilitawaliwa na Waholanzi. Katika karne ya kumi na tisa vinu vya mvuke vilienea katika nchi za mashariki, na mchele mweupe ukapatikana kwa wingi. Katika miaka hiyohiyo askari, mabaharia na wafungwa wengi walikuwa wakiugua maradhi yaitwayo beriberi. Miguu ya mgonjwa hufa ganzi ikakosa nguvu, pengine mwili huvimba, hata moyo hulegea, naye akafa. Matabibu walidhani kwamba maradhi hayo huletwa na vijidudu, kama kipindupindu. Mwaka 1886 serikali ya Uholanzi ilipeleka matabibu Java wakakitafute kijidudu hicho; mmoja wao aliitwa Christiaan Eijkman.

Eijkman alifuga kuku penye hospitali ya askari katika mji wa Batavia, ambao leo huitwa Jakarta. Wengine aliwatia damu ya wagonjwa, wengine aliwaacha vivi hivi. Baada ya muda kuku wakaanza kupepesuka, wakashindwa kusimama. Lakini ajabu ni kwamba waliugua wote, waliotiwa damu na wasiotiwa. Kisha, kabla hajapata maana ya jambo hilo, wakapona wote.

Eijkman akauliza habari za chakula chao. Akaambiwa kwamba mtumishi alikuwa akiwalisha kuku makombo ya wali mweupe kutoka jiko la hospitali. Akaja mpishi mpya, naye akakataa chakula cha askari kupewa kuku wasio wa jeshi. Tangu hapo kuku wakalishwa mchele usiokobolewa sana, nao wakapona. Eijkman akajaribu jambo hilo makusudi: waliolishwa mchele mweupe peke yake waliugua, na walioongezewa wishwa walipona.

Lakini kuku si mtu. Kwa hiyo tabibu mwenziwe, jina lake Vorderman, akachunguza magereza 101 ya Java, akaandika ni mchele gani ulioliwa katika kila moja. Habari zake zilitolewa mwaka 1897. Katika wafungwa waliolishwa mchele mweupe, mmoja katika kila 39 alipatwa na beriberi. Katika wale waliolishwa mchele wenye utando wake, alipatwa karibu mmoja tu katika 10,000.

Hata hivyo, Eijkman mwenyewe hakuielewa sababu mara moja. Alidhani kwamba mchele mweupe una sumu, na wishwa ni dawa yake. Mwaka 1901 Gerrit Grijns, aliyeshika kazi yake, alionyesha kwamba hapana sumu: chakula kile kimepungukiwa na kitu ambacho mwili hauwezi kukaa bila ya kukipata. Mwaka 1926 wataalamu Jansen na Donath, hukohuko Java, walifaulu kukitoa kitu hicho katika wishwa. Leo huitwa vitamini B1. Mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Frederick Hopkins.

Yaliyo kweli kwa mchele ni kweli pia kwa mahindi, mtama, ulezi na ngano. Sehemu nyeupe ya punje ni wanga, nao hutia mwili nguvu. Kiini kina mafuta na vitamini. Ganda lina vitamini, madini na makapi yasaidiayo tumbo kufanya kazi yake bila ya kufunga choo. Mahindi yakisagwa mazima, hupatikana unga wa dona. Yakikobolewa kwanza, hupatikana sembe. Watu wengi hupenda sembe kwa weupe wake, tena haiharibiki upesi, kwa kuwa kiini chenye mafuta kimeondolewa. Lakini kinachodumu ghalani si lazima kiwe bora mwilini. Watafiti wa siku hizi wameona kwamba wenye desturi ya kula nafaka nzima hupatwa kwa uchache na maradhi ya moyo na kisukari.

Iko mipaka ya kukumbuka. Kwanza, nafaka nzima peke yake haitoshi. Yataka maharagwe, mboga za majani, matunda, na samaki, nyama au mayai. Pili, dona isagwe kidogo kidogo, maana haikai sana. Tatu, mahindi yaliyoota ukungu yasisagwe kabisa, kwani huenda yana sumu isiyoondolewa na moto wa jikoni. Nne, mchele usioshwe kupita kiasi, kwa sababu vitamini B1 huyeyuka ikaenda na maji.

Mpishi yule wa Batavia hakukusudia kuponya kiumbe chochote. Alitaka kulinda chakula cha askari tu. Lakini wali alioukataza ndio uliokuwa ukiwadhuru kuku, na wishwa uliodharauliwa ndio uliokuwa na uzima.

MASWALI
1. Taja sehemu tatu za punje, na kazi ya kila moja.
2. Kwa nini kuku wa Eijkman waliugua, na kwa nini walipona?
3. Kwa nini Vorderman alichunguza magereza?
4. Kwa nini sembe hukaa muda mrefu kuliko dona?