Waendeshaji baiskeli wa Kwale na siri ya kupata mlima karibu na nyumbani

WAENDESHAJI baiskeli wa Diani, Ukunda na Msambweni wamezoea kuambiwa kwamba Pwani ni tambarare, na kwamba anayetaka kujinoa kwa mashindano ya milimani hana budi kufunga virago na kwenda Kikuyu, Iten au Taita.

Kauli hiyo ina ukweli nusu tu. Barabara kuu itokayo Likoni kuelekea Lunga Lunga hupita sehemu kubwa katika ukanda wa chini wa matumbawe, na mtu anaweza kuendesha kutoka Ukunda hadi Gazi bila kukutana na mwinuko wa kumtoa jasho. Hata hivyo, kilomita chache magharibi ya barabara hiyo ardhi huanza kupanda, na mji wa Kwale wenyewe umekaa juu ya safu ya Shimba Hills, takriban mita 400 kutoka usawa wa bahari.

Jambo hili si dogo kwa kijana wa Pwani mwenye ndoto ya kushindana. Nauli ya kwenda bara, malazi na siku za kazi zinazopotea ni gharama ambayo wengi hawaimudu. Mlima ulio karibu na nyumbani, unaoweza kupandwa mara mbili au tatu kwa juma kabla ya saa za kazi, una manufaa zaidi kuliko mlima maarufu unaotembelewa mara moja kwa mwaka.

Mfano wa Chris Froome unatosha. Froome, aliyezaliwa jijini Nairobi mwaka 1985 na kushinda mashindano ya Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, alianza kujifunza mchezo huo akiwa mvulana chini ya David Kinjah katika eneo la Kikuyu, akipanda na kushuka vilima vya huko huko.

Ngazi nne za ardhi

Anayetafuta mlima Kwale anafaa kwanza kuelewa jinsi ardhi ya kaunti hiyo ilivyopangika. Wataalamu huigawa katika sehemu nne, mithili ya ngazi zinazopanda kutoka baharini.

Ngazi ya kwanza ni uwanda wa pwani, wenye mwamba wa matumbawe, ulio kama mita 30 juu ya usawa wa bahari na unaoingia bara kwa takriban kilomita 10. Hapa ndipo zilipo Diani, Tiwi na Msambweni. Ngazi ya pili ni uwanda wa chini ya vilima, ulio kati ya mita 60 na 135.

Ngazi ya tatu ndiyo inayomhusu mwendesha baiskeli. Hii ni safu ya vilima vya mawe ya mchanga inayopanda ghafla kutoka uwanda wa pili, kuanzia mita 150 hadi mita 462. Shimba Hills hufikia mita 420, na Tsimba mita 350. Kusini zaidi kuna Mrima, wenye mita 323, na Dzombo, ulio mrefu kuliko yote kwa mita 462.

Ngazi ya nne ni nyika ya magharibi, ambayo huinuka taratibu kutoka mita 180 hadi 300 ikielekea mpakani mwa kaunti.

Funzo ni kwamba mlima mzuri hautafutwi kando ya bahari wala katikati ya nyika. Hutafutwa pale barabara inapovuka kutoka ngazi ya pili kwenda ya tatu. Kila barabara inayovuka mpaka huo lazima ipande.

Kuisoma ramani

Ukali wa mlima hupimwa kwa asilimia. Barabara inayopanda mita 5 kwa kila mita 100 za mwendo ina mwinuko wa asilimia 5. Asilimia 2 huhisiwa kama upepo wa mbele, asilimia 5 humfanya mtu atafute gia nyepesi, na asilimia 10 humlazimu asiye na gia kusimama juu ya pedali au kushuka na kusukuma.

Mtu anaweza kukadiria ukali huo kabla ya kutoka nyumbani. Katika ramani ya kipimo cha 1:50,000, sentimita moja ni sawa na mita 500 ardhini. Iwapo mistari ya kontua imechorwa kwa tofauti ya mita 20, na barabara inavuka mistari miwili iliyoachana kwa sentimita moja, mwinuko wake ni mita 20 kwa mita 500, yaani asilimia 4. Mistari ikikaribiana hadi milimita 4, mwinuko hufika asilimia 10. Ni vyema kuthibitisha kwanza tofauti ya kontua iliyoandikwa pembeni mwa ramani, kwani baadhi ya ramani za zamani hutumia futi.

Walio na simu za kisasa wanaweza kupata makadirio hayo kwa programu za ramani. Sehemu kubwa ya takwimu za miinuko duniani ilipatikana Februari 2000, wakati chombo cha anga cha Endeavour kilipoupima uso wa dunia kwa rada kwa siku 11. Vipimo vya Afrika vyenye undani zaidi, vya kila mita 30, vilianza kutolewa kwa umma mwaka 2014.

Hata hivyo, rada hiyo haikufika ardhini kila mahali. Penye msitu mnene, ilipima karibu na vilele vya miti. Kwa sababu hiyo, barabara inayopita kando ya msitu wa Shimba inaweza kuonekana katika simu kana kwamba ina mabonde na matuta ambayo hayapo. Ramani huonyesha pa kutafuta, lakini mlima wenyewe huthibitishwa kwa miguu na magurudumu.

Kutoka Kombani hadi Kwale

Kwa mkazi wa Diani au Ukunda, mlima ulio wazi zaidi ni barabara ya lami inayochepuka kutoka barabara kuu pale Kombani na kupitia Golini hadi mjini Kwale. Mwendo wake haufiki kilomita 20, na mpandaji huinuka karibu mita 300.

Kwa hesabu ya wastani, mwinuko huo unaonekana kuwa wa asilimia 2 au 3 tu, na anayeusoma katika karatasi anaweza kuudharau. Hapa ndipo wastani unapohadaa. Sehemu ya mwanzo hupita katika uwanda wa chini, na kupanda kwenyewe hukusanyika pale barabara inapoukabili ubavu wa vilima. Mlima unafaa kugawanywa kilomita kwa kilomita, kisha kila kipande kihesabiwe peke yake.

Nguvu inayohitajika pia inaweza kukadiriwa. Mtu wa kilo 70 mwenye baiskeli ya kilo 10, akipanda mita 300, hutumia takriban kilojuli 235 kuushinda uzito pekee, mbali na upepo na msuguano wa tairi. Kwa kuwa mwili hugeuza takriban robo tu ya chakula kuwa kazi ya misuli, safari hiyo hula karibu kilokalori 230, kiasi cha chapati moja kubwa. Kila kilo inayoongezwa katika mzigo huongeza gharama hiyo, jambo wanalolijua vyema wauza madafu na wachuuzi wa makaa wanaosukuma baiskeli zao nzito milimani.

Kwa anayetaka kujilinganisha na magwiji, mashindano ya dunia ya Septemba 2025 jijini Kigali, ya kwanza kuandaliwa Afrika, yana kipimo kizuri. Mbio za wanaume zilizoshindwa na Tadej Pogačar wa Slovenia zilikuwa za kilomita 267.5 zenye jumla ya mita 5,475 za kupanda. Hizo ni sawa na kuupanda mlima wa Kwale mara 18 kwa siku moja. Anayeupanda mara mbili bila kusimama tayari amefanya mazoezi ya maana.

Upepo nao una nafasi yake. Wakati wa kusi, anayetoka Ukunda kwenda Kombani husukumwa mgongoni, lakini hurudi akiwa amechoka huku upepo ukimkabili. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka. Kwa sababu ya joto na unyevu wa Pwani, ni busara kuanza safari alfajiri na kuwa na maji ya kutosha.

Upande wa Msambweni

Wakazi wa Msambweni wana chaguo tofauti. Njia zinazoingia bara kuelekea Mivumoni, Lukore na Mkongani huifikia safu ile ile ya vilima kutoka kusini. Penye changarawe au udongo, tairi nyembamba za baiskeli za mashindano hazifai, na mvua za masika huweza kuugeuza mteremko kuwa utelezi.

Mrima na Dzombo huvutia machoni, lakini si milima ya baiskeli za barabarani. Ni vilima vya misitu ambavyo Wadigo wanavihesabu miongoni mwa kaya zao, na asiye mwenyeji hapaswi kuingia bila idhini ya wazee.

Vilevile, hifadhi ya Shimba Hills, iliyotangazwa mwaka 1968 na ambayo ndiyo makao ya mwisho ya palahala nchini Kenya, si uwanja wa mazoezi. Barabara ya Kwale kwenda Kinango hupita penye njia ya ndovu wanaohama kati ya hifadhi hiyo na eneo la Mwaluganje. Anayeitumia kwa mazoezi anafaa kuepuka jioni na usiku, na akiona ndovu asimame mbali badala ya kujaribu kumpita.

Kushuka ndiko kwenye hatari

Wengi hujiandaa kupanda na kusahau kwamba kila mita iliyopandwa itashukwa. Zile kilojuli 235 zilizotumiwa kufika Kwale hurudi zote wakati wa kushuka, na ni lazima zimezwe na upepo au na breki. Raba za breki zilizochakaa, waya uliolegea au rimu yenye maji hazimudu kazi hiyo.

Njia salama ni kupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake, na kutumia breki zote mbili kwa kubana na kuachia badala ya kuzishikilia kwa muda mrefu hadi rimu ipate moto. Mzigo ulegezwao upande mmoja humpindua mtu hata kama breki ni nzima.

Aidha, barabara hiyo haikujengwa kwa ajili ya mazoezi. Matatu, malori, bodaboda, watoto wa shule na mifugo huitumia pamoja. Helmeti, nguo za rangi inayoonekana na taa ya nyuma inayowaka si mapambo. Wanaopanda kwa kundi wanafaa kufuatana mstari mmoja.

Kwa anayeanza, ratiba rahisi ni kuupanda mlima mara moja kwa juma kwa mwezi mzima, akiandika muda wake kutoka alama moja isiyobadilika hadi nyingine. Akitumia dakika 30 kupanda mita 300, kasi yake ni mita 600 kwa saa, na tarakimu hiyo anaweza kuilinganisha na ya mlima wowote duniani. Kabla ya safari ya kwanza, hata hivyo, na aichunguze breki ya mbele na ya nyuma angali nyumbani, kwani huko juu Kwale hakuna njia ya kurudi Ukunda isiyoteremka.