Mume Wangu, Februari na Besiboli

Kama mwenzi wako ni shabiki wa Chicago Cubs, Februari usitegemee maua. Mwezi huo warushaji na wadakaji wanaingia kambini Mesa, Arizona, na mume wangu naye anaingia kambini, kwenye simu! Nani kaumia? Nani karudishwa ligi za chini? Na mechi zenyewe za kujipima nguvu tu. Nilinuna wiki nzima.

"Twende ukaone mwenyewe," akasema. Machi tukapanda ndege.

Arizona hukusanya timu 15. Nyingine 15 hujifua Florida. Pale Sloan Park tulikaa kwenye nyasi, jua linawaka. Akanionyesha mkongwe mmoja.

"Yule kaalikwa tu, hayumo hata kwenye wale 40 wenye mkataba wa ligi kuu. Msimu ukianza wanabaki 26. Wengine wanaitwa ofisini kwa kocha, wanafungasha."

Sauti ikamkwama.

Ndipo nikaelewa. Mwaka uliotangulia naye aliitwa ofisini, akarudi nyumbani na boksi lake. Alipata kazi nyingine, nikadhani yameisha. Kumbe hatukuwahi kulizungumza!

Tulilizungumza palepale, mpaka mechi ikaisha bila kujua nani kashinda.

Kikosi kilipotangazwa, mkongwe hakuwemo. Tulisikitika wote wawili.

Basi shoga yangu, kabla hujampokonya simu, muulize kwanza anamwombea nani abaki.