Mikahawa ya kigeni na mkulima wa hapa: kisa cha vibanzi vya KFC

Mapema Januari 2022, wateja wa KFC nchini Kenya waliarifiwa kwamba vibanzi vimekwisha. Meli zilizobeba shehena ya viazi kutoka ng'ambo zilikuwa zimecheleweshwa na msukosuko wa usafiri wa wakati wa Covid-19, na wateja wakashauriwa wachukue ugali au mkate badala yake. Wakenya walikasirika, na wito wa kususia mikahawa hiyo ukaenea mitandaoni. Viazi ni zao la pili la chakula nchini baada ya mahindi. Watu walijiuliza vipi kampuni iliyofungua mkahawa wake wa kwanza Nairobi mwaka 2011 ilikuwa bado inangojea viazi vya meli.

Jibu la kampuni lilikuwa kwamba kila anayeiuzia bidhaa ni lazima apitie ukaguzi wa ubora wa kimataifa, na kwamba hatua hiyo hairukwi hata kukiwa na upungufu. Baada ya shinikizo, iliahidi kuanza kutafuta viazi vya humu nchini.

Ili kuelewa mvutano huo, ni vyema kujua jinsi biashara hizi zinavyoendeshwa. Jina la KFC ni mali ya kampuni ya Yum! Brands ya Marekani. Anayeendesha mikahawa hapa ni mwekezaji mwingine, Kuku Foods, anayelipia haki ya kutumia jina na mapishi. Kwa hivyo meneja wa mkahawa hawezi kushuka sokoni Daraja Mbili asubuhi akanunua viazi apendavyo; orodha ya wauzaji huidhinishwa na mwenye jina.

Hoja ya ubora nayo si kisingizio kitupu. Viazi aina ya Shangi, ambavyo wakulima wengi hupenda kwa kuwa hukomaa haraka na huiva upesi jikoni, huchipuka muda mfupi baada ya kuvunwa na havihifadhiki vizuri. Kiwanda cha vibanzi hutaka kiazi kirefu, chenye macho ya juujuu, maji kidogo na sukari kidogo. Chenye sukari nyingi hugeuka rangi ya kahawia kikitiwa kwenye mafuta moto. Zipo aina zinazofaa kazi hiyo, kwa mfano Markies, lakini mkulima hawezi kuzipanda bila mbegu zilizoidhinishwa na mnunuzi wa uhakika.

Hapo ndipo suala la maadili linapoingia. Kudai ubora ni haki ya mnunuzi. Lakini miaka 10 ni muda wa kutosha kumwonyesha mkulima mbegu inayotakiwa, kumfunza na kumkagua. Kampuni inayochukua pesa za wateja wa nchi fulani, huku mlango wa kuiuzia ukiwa umefungwa kwa wakulima wa nchi hiyo, isishangae wateja wakinung'unika.

Kisii na Nyamira hazilimi viazi kwa wingi kama Nyandarua, ingawa maeneo yenye baridi kama Borabu yana wakulima wake. Hata hivyo, anayefuga kuku, anayekuza ndizi au anayepeleka mboga soko la Keroka atakutana na masharti ya aina hiyo hiyo siku atakapotafuta mnunuzi mkubwa.

Na akishapata mkataba, kuna hatari nyingine. Sheria ya Ushindani, baada ya kufanyiwa marekebisho mwaka 2019, inamkataza mnunuzi mwenye nguvu kuchelewesha malipo bila sababu ya haki, kuvunja mkataba bila notisi, au kumbebesha muuzaji gharama zisizo zake. Sheria hii si ya kwenye karatasi tu. Desemba 2023, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1 kwa jinsi ilivyowatendea wauzaji wawili, mmoja wa mafuta ya kupikia na mwingine wa asali, na ikaagiza warudishiwe pesa walizokatwa.

Kabla ya kutia sahihi, basi, soma siku ya malipo imeandikwa wapi. Uliza ni nani anayebeba hasara mzigo ukikataliwa, na ni nani anayelipia ukaguzi. Ahadi ya mdomo kutoka kwa ajenti haitoshi. Kwa viazi, kumbuka pia kwamba kanuni za 2019 zinaweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Anayedai lumbesa anavunja sheria, awe dalali wa kijijini au kampuni ya kigeni.

Kwa upande wa mlaji, Katiba inazipa kaunti jukumu la kutoa leseni na kusimamia biashara zinazouza chakula kwa umma. Mkahawa wenye jina kubwa hukaguliwa na maafisa wa afya ya umma sawa na kibanda cha chapati. Mkazi mwenye malalamiko kuhusu usafi ayapeleke kwa afisa wa afya ya umma katika kaunti ndogo yake. Mkulima anayetaka ushauri wa mbegu aanzie kwa afisa wa kilimo wa wadi, au kituo cha utafiti cha KALRO mjini Kisii.